Tartuffe na yule afisa wa mfalme: kisa cha mchezo mmoja wa kuchekesha Ufaransa, tangu 1664 mpaka 2022

Ukitaka kujua nani alikuwa ameshika nchi Ufaransa kwenye kipindi fulani, we usihangaike na vitabu vinene, tafuta tu kama Tartuffe uliruhusiwa kuchezwa kipindi hicho, na kama uliruhusiwa, ule mwisho waliufanyaje. Nasema ule mwisho kwa sababu kisa chote kiko pale. Wengi wakiongelea huu mchezo wa Molière, mwandishi na mwigizaji wa Kifaransa wa karne ya kumi na saba, wanakimbilia kwenye dini, eti kanisa likakasirika, likaupiga marufuku, baadaye ukaachiwa, basi. Sawa, ni kweli, ila hapo unakuwa umesimulia nusu. Nusu nyingine ni mfalme, na huyo ndo kawasumbua waongozaji wa michezo miaka mia tatu na ushee kuliko hata mapadri.

Kwa wasioujua, mchezo uko hivi. Orgon ni mzee mwenye pesa zake Paris, ana mke wa pili anaitwa Elmire, ana watoto wawili wakubwa, Damis na Mariane. Siku moja kanisani anakutana na jamaa kachoka mbaya, anapiga magoti mbele yake, anahema kwa maombi, mzee akitoka nje jamaa anawahi mlangoni kumpa maji ya baraka, akipewa hela anarudisha nusu eti zimezidi. Orgon kaingia kingi. Anamchukua anamleta nyumbani, anamlisha, anamvisha, anamsikiliza kuliko mama watoto. Yule jamaa ndo Tartuffe, mtu ambaye akiua kiroboto wakati anasali anajilaumu kwamba kakiua kwa hasira mno. Kuna sehemu Orgon karudi safari, dada wa kazi Dorine anamwambia mama alikuwa anaumwa, homa, kichwa, hakulala. Mzee anauliza, na Tartuffe je? Dorine anamwambia Tartuffe mzima, kanenepa, jana kala kwale wawili na nusu paja la kondoo. Mzee anajibu, "Maskini weee!" Anarudiwa tena, mama katolewa damu, mzee anauliza na Tartuffe? Kanywa mivinyo asubuhi. "Maskini weee!" Hii sehemu hata ukiisoma kwenye basi utacheka peke yako watu wakuangalie.

Halafu mambo yanageuka. Mzee anataka kumwoza binti kwa Tartuffe, anamfukuza kijana wake wa kumzaa, anamwandikia Tartuffe hati ya mali zote, na juu ya hapo anamkabidhi kisanduku chenye nyaraka za siri za rafiki yake aliyekimbia nchi kwa mambo ya siasa. Huku nyuma Tartuffe anamtongoza Elmire. Elmire anamficha mumewe chini ya meza asikie mwenyewe, na mzee anakaa chini ya meza muda mrefu kupita kiasi, mke anakohoa, anagonga meza, jamaa hatoki! Akitoka amfukuze, Tartuffe anamwambia utatoka wewe, nyumba ni yangu. Anakuja dalali wa mahakama kutoa watu ndani. Anakuja na Tartuffe mwenyewe akiwa na afisa wa mfalme, amkamate Orgon kwa ajili ya kile kisanduku. Na hapo ndipo afisa anageuka anamkamata Tartuffe, anatoa hotuba ndefu kwamba tunaishi chini ya mfalme adui wa utapeli, mfalme anaona mpaka ndani ya mioyo, kamjua huyu tapeli siku nyingi, na anamsamehe Orgon kwa vile zamani wakati wa fujo alikuwa upande wake. Mwisho.

Ukiuangalia haraka unaona mwisho umebandikwa. Familia haijajiokoa, Elmire na akili zake zote kashindwa, sheria iko upande wa tapeli maana hati ni halali kabisa, anashuka mtu kutoka juu anamaliza kila kitu. Sasa kwa nini uko hivyo? Hapa turudi 1664.

Tarehe 12 Mei 1664, Versailles, mfalme Louis XIV ana miaka 25, kaandaa sherehe za siku kadhaa, na kundi la Molière linacheza mchezo mpya mbele yake. Ulikuwa na sehemu tatu tu, siyo tano tunazozijua leo. Mfalme inasemekana alicheka vizuri tu. Ila kabla hata haujachezwa kulikuwa na watu wanausubiri kwa rungu: Compagnie du Saint-Sacrement, chama cha siri cha wacha Mungu wenye vyeo, ambao Aprili mwaka huohuo walishajadili kwenye kikao chao jinsi ya kuuzuia. Askofu mkuu wa Paris, Péréfixe, ambaye ndiye aliyemfundisha mfalme utotoni, naye akaweka neno. Mfalme akauzuia usichezwe hadharani. Yaani kaufurahia jioni, halafu kaufungia. Padri mmoja, Pierre Roullé, akaandika kitabu kumsifia mfalme na ndani yake akamwita Molière shetani aliyevaa mwili wa mtu, anayestahili moto, na siyo moto wa ahera peke yake, aanzie nao hapahapa duniani.

Molière naye hakukaa kimya. Alimwandikia mfalme barua ya kujitetea, akawa anausoma mchezo majumbani kwa wakubwa, akauchezea kwa ndugu wa mfalme na kwa mwanamfalme Condé. Na ndiyo maana hiyo marufuku ilikuwa ya ajabu kidogo, wenye nyumba kubwa waliuona, mwananchi wa kawaida ndo asiuone. Kuna stori Molière mwenyewe kaiweka kwenye dibaji: siku nane baada ya kufungiwa, ikulu ilichezwa Scaramouche Mkaa Pweke, mchezo wa kihuni kuliko Tartuffe mara nyingi, na mfalme wakati anatoka akauliza mbona hawa wanaokasirika na wa Molière hawasemi kitu kuhusu huu? Condé akamjibu, huu unacheka mbingu na dini ambazo hao mabwana hawazijali, ule wa Molière unawacheka wao wenyewe. Ukinipa dakika moja ya kisa chote hiki nikaione kwa macho, nachagua hiyo.

1667 akajaribu tena, kwa ujanja. Akabadilisha jina la mchezo ukawa L'Imposteur, yule jamaa akamwita Panulphe, akamvua yale mavazi ya kimtumishi wa dini akamvalisha kibishoo wa mjini, kofia ndogo, nywele ndefu, kola kubwa, upanga, lesi kila mahali. Tarehe 5 Agosti ukachezwa Palais-Royal, ukumbi wa kundi lake Paris. Mfalme hayupo, yuko vitani Flanders, na Molière anadai alipewa ruhusa kwa mdomo. Kosa kubwa, ruhusa ya mdomo ya mtu aliye safarini. Kesho yake tu Lamoignon, rais wa mahakama kuu ya Paris, ambaye naye alikuwa mwanachama wa kile chama cha siri, akaufunga. Tarehe 11 askofu mkuu akatoa tangazo: kuuona, kuusoma, hata kuusikiliza ukisomwa chumbani, adhabu yake kutengwa na Kanisa. Waigizaji wawili, La Grange na La Thorillière, wakatumwa mbio mpaka kambini Lille wakiwa na barua ya pili kwa mfalme. La Grange alikuwa ndiye mtunza daftari la kundi na ameandika humo safari iligharimu livre 1,000, livre ikiwa ndiyo pesa ya Ufaransa ya enzi hizo. Jibu la mfalme likawa la kiungwana na halina kitu ndani, kwamba akirudi ataliangalia. Ukumbi ukafungwa wiki saba. Wiki saba bila viingilio, kwa kundi linaloishi kwa viingilio.

Ruhusa ya kweli ilikuja 5 Februari 1669, na wala haikuja kwa sababu watu wamekubali sanaa. Siku hizohizo mambo kati ya Roma na Wajansenisti, kundi la Wakatoliki wenye msimamo mkali, yalikuwa yametulia, ile wanayoita Amani ya Kanisa, mfalme mkono umekuwa mwepesi, hana tena haja ya kuwabembeleza wale wacha Mungu. Jioni hiyo kundi liliingiza livre 2,860, ambayo hawakuwahi kuipata kabla wala baada. Molière kacheza Orgon. Hilo lizingatiwe, bosi wa kundi hakujichagulia tapeli, alijichagulia mtapeliwa, na kila anayeuongoza leo akifikiri mchezo ni wa Tartuffe peke yake akumbuke hilo. Tartuffe alikuwa Du Croisy, mtu wa mwili, maana maandishi yenyewe yanasema mnene, mashavu mekundu. Elmire alikuwa Armande Béjart, mke wa Molière. Bibi Pernelle, mama yake Orgon, alichezwa na mwanaume, Louis Béjart, aliyekuwa anachechemea, kwa hiyo watu walianza kucheka kabla hata mtu hajamaliza sentensi.

Sasa unaona ile hotuba ya afisa ilikuwa nini. Ilikuwa malipo. Miaka mitano mtu anapiga magoti kwa mfalme mmoja, siku akiachiwa anamweka mfalme huyo ndani ya mchezo kama mwokozi. Ila mimi huwa naona kuna kitu kingine pale, na hapa mtanisamehe wapenzi wa Molière: ukisoma ile hotuba taratibu inatisha. Mfalme anayeona ndani ya mioyo, aliyekuwa anamwangalia Tartuffe siku zote na akamwachia afike mpaka mlangoni ili amnase vizuri. Familia imepona, ndiyo, lakini imejua kwamba kuna mtu anawaona muda wote. Molière alijua au hakujua, mistari iko pale, na waliokuja baadaye waliiona.

Molière akafa Februari 1673, kanisa likagoma kumzika, mfalme ikabidi aingilie, akazikwa usiku. 1680 Comédie-Française, ukumbi wa taifa wa michezo ya kuigiza, ikaanzishwa na Tartuffe ukawa chakula chake cha kila msimu, mpaka leo umeshachezwa pale zaidi ya mara 3,000, hakuna mchezo mwingine unaoufikia. Karne nzima ya kumi na nane naipita haraka maana ni desturi tu, mwigizaji mnene, macho ya matamanio, watu wanacheka, wanaenda kula.

Mapinduzi ya Ufaransa yakaja na shida ikawa wazi kabisa. Mfalme kakatwa kichwa Januari 1793, wewe mwigizaji utasimamaje jukwaani useme tunaishi chini ya mfalme adui wa utapeli? Utamfuata. Wakabadilisha mistari, mwandishi Cailhava ndiye aliyeandika mipya, ikawa zimepita zile siku za dhuluma na utapeli ambapo msingiziaji alikuwa anaweza kumpora mtu uhai na heshima yake. Na hii ilikuwa inasemwa wakati wa Ugaidi, kile kipindi cha Mapinduzi ambacho kusingiziwa na jirani kulikuwa kunakupeleka moja kwa moja kwenye kisu cha kukatia vichwa. Sijui waigizaji walikuwa wanaweka uso gani. Napoleon naye, akiwa kifungoni Saint Helena, alisema kwamba mchezo huu ungeandikwa enzi zake asingeuruhusu uchezwe. Angalau yeye alikuwa mkweli.

Lakini kipindi ninachokipenda mimi ni kati ya 1815 na 1830. Wafalme wa ukoo wa zamani, wa Bourbon, wamerudi, kanisa limerudi na nguvu, mapadri wamisionari wanazunguka mikoani wanasimika misalaba mikubwa mjini na kuwataka watu watubu dhambi za Mapinduzi. Mtu wa kawaida huwezi kusimama barabarani ukasema sitaki, utakamatwa. Basi watu wakagundua njia: wanaenda ukumbini, mchezo mwingine kabisa unachezwa, wanaanza kupiga kelele, "Tartuffe! Tartuffe!" Wanadai mchezo wa zamani wa mwandishi anayesifiwa mashuleni, utawakamata kwa kosa gani? Rouen 1825, askofu mkuu katoa waraka mkali wa kuwabana waumini, mji ukachafuka, na kilichodaiwa kilikuwa hicho. Brest 1826, wamisionari wako mjini, wakubwa wamekataa usichezwe, vurugu ukumbini. Maofisa wakajikuta pabaya: ukiuzuia umekiri kwamba unawahusu, ukiuruhusu watu watapigia makofi kila mstari unaowachoma. Mwandishi Stendhal ameacha ushahidi mtamu wa hali hiyo, aliuona Paris 4 Desemba 1822, mwigizaji bibie Mars akiwa jukwaani, na anasema watu walipiga makofi sana kwa sababu ya mafumbo, ila kucheka walicheka mara mbili tu usiku mzima. Mara mbili! Mchezo wa kuchekesha umegeuka mkutano wa hadhara. Na hilo ndo jambo wachambuzi wengi wanalikwepa, siasa iliufanya mchezo uishi lakini ilikula kicheko chake, na kicheko chenyewe mpaka leo hakijarudi chote.

Karne ya ishirini mwenye uzito wa kwanza ni mwigizaji na mwongozaji Louis Jouvet, Januari 1950, ukumbi wa Athénée, mandhari yamechorwa na Georges Braque. Jouvet akamcheza Tartuffe bila unene, bila macho ya tamaa, mtu mtulivu, mwenye sura ya kiza, karibu umwamini. Hoja yake ni kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kwamba jamaa ni mwongo tangu mwanzo, pengine anasali kweli na mwili ndo unamshinda. Wakosoaji wakamshukia, wanataka tumbo lao na mashavu yao mekundu. Mimi nadhani alikuwa sahihi kwa sababu ya kawaida kabisa: tapeli anayeonekana tapeli kutoka mlangoni anamfanya Orgon awe mjinga tu, na mjinga hamuumizi mtu moyo.

Mwongozaji Roger Planchon ndiye aliyelichukua hilo akalimalizia, Villeurbanne 1962, nje kabisa ya Paris, kwenye mji wa wafanyakazi pembeni ya Lyon. Swali lake likawa siyo Tartuffe ni nani, ila Orgon anatafuta nini kwa huyu mwanaume? Akaonyesha kwamba mzee anampenda, mapenzi yenyewe, na mwenyewe hajui. Tartuffe kachezwa na Michel Auclair, kijana wa kuvutia, na ghafla ile "maskini weee" ikawa na maana nyingine, unacheka halafu unanyamaza. Na mwisho? Planchon hakuuficha aibu kama wenzake. Aliuchukulia kama dola inaingia ndani ya nyumba ya mtu, na alipourudia miaka ya 1970 akicheza Tartuffe mwenyewe, watu wa mfalme waliingia kwa nguvu na kuwasukuma haohao wenye nyumba waliotakiwa waokolewe, ukawa huna tena hamu ya kupiga makofi. Ndiyo hiyo niliyosema hotuba inatisha, Planchon kaifungua tu.

Baada yake foleni ya waongozaji ni ndefu. Antoine Vitez 1978 pale Avignon, michezo minne ya Molière kwa mpigo, waigizaji walewale kumi na wawili, mandhari moja, Richard Fontana akiwa Tartuffe mgeni anayeingia nyumba na kuiwasha moto. Jacques Lassalle kule Strasbourg na mwigizaji Gérard Depardieu, ambaye mwaka 1984 akautengenezea filamu, taratibu, giza, watu wananong'ona, mimi niliichoka ila wapo wanaoiapia.

Ariane Mnouchkine 1995 lazima nisimame. Kundi lake, Théâtre du Soleil, walipeleka nyumba ya Orgon kwenye mji wa Mediterania, ua, jua, nguo za kule, na Tartuffe akawa mhubiri wa siasa kali mwenye ndevu, na wafuasi nyuma yake. Algeria ilikuwa inaungua kwa vita ya ndani wakati huo, mwanamuziki wa rai, ule muziki wa vijana wa Algeria, Cheb Hasni alikuwa ameuawa Oran Septemba 1994, na muziki wake ulisikika kwenye onyesho. Kuna waliolalamika kwamba kumhamishia unafiki Mwislamu ni kuwapa Wafaransa nafasi ya kujiona wao wamepona. Siyo hoja ndogo. Molière aliwacheka watu waliokuwa wamekaa viti vya mbele, na hapa viti vya mbele vilikuwa salama. Ila upande wa pili, kwa wasanii wa Algeria waliokuwa wanakimbilia Ufaransa wakati huo, hilo halikuwa fumbo la mbali hata kidogo. Na kilichouma kuliko vyote ni kwamba ukiwaza habari zenyewe kule Algeria, hakukuwa na afisa wa mfalme aliyekuwa njiani kuja.

Halafu 15 Januari 2022, miaka 400 tangu Molière abatizwe, Comédie-Française wanafanya nini? Wanamwita mwongozaji Mbelgiji Ivo van Hove, naye anautoa mwisho wote. Siyo kwa kukata kihuni, kwa kutumia kazi ya mtaalamu Georges Forestier aliyejaribu kuurudisha ule mchezo wa sehemu tatu wa Mei 1664: hakuna mchumba wa Mariane, hakuna Mariane, hakuna dalali, hakuna afisa, hakuna mfalme. Christophe Montenez ni Tartuffe anayeokotwa mtaani kama omba omba na kuogeshwa mbele ya watu, Denis Podalydès ni Orgon, Marina Hands ni Elmire, na Elmire huyu hamtegi jamaa chini ya shuruti peke yake, anamtaka. Muziki wa Alexandre Desplat. Ukarushwa mpaka kwenye kumbi za sinema. Ni onyesho zuri, kali, linakimbia, na Forestier kazi yake ni ya heshima hata kama wapo wataalamu waliobishana naye mchezo wa kwanza uliishaje.

Ila mimi nabaki na ule wa sehemu tano. Ule wa tatu ni balaa la ndani ya nyumba moja, mke, mume, mgeni, wanamalizana wenyewe na jirani hajui. Ukiweka dalali mlangoni na karatasi zake zilizo halali, ukiweka kisanduku cha siasa, ukiweka afisa ambaye mpaka dakika ya mwisho hujui kaja kumchukua nani, nyumba ya Orgon inakuwa imeunganishwa na mahakama na ikulu, na Tartuffe anakuwa mtu anayejua kutumia vyote viwili kuliko mwenye nyumba. Mwongozaji akiona ile hotuba inamkera aiache ikere, amtafutie mwigizaji mzuri wa kuisema polepole, na asimruhusu Orgon aanze kushukuru mapema.